Swali la Pili kwa Mzee Clemence

Kitongoji cha Kwemhingo,
Juu ya Lukozi,
Lushoto.
2 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Esteria,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, goti limetulia na sukari haijapanda. Najua joto la Urambo halina huruma, lakini afadhali hilo kuliko baridi yetu ya sasa. Huku ukungu unashuka saa tisa alasiri, na jua hatulioni tena mpaka kesho yake saa nne. Mama kifua kilimsumbua mwezi wa nne, sasa amepona na anapanda mpaka shamba la juu bila kupumzika njiani. Mimi ni mzima, nafundisha na ninakula vizuri.

Je, miwani mpya imekufaa? Nauliza kwa sababu nakuomba uisome barua hii mwenyewe. Usimpe mjukuu wako Aron akusomee, hata kama anasoma vizuri kuliko sisi walimu. Wala usinilaumu kwamba sikupiga simu. Kwenye simu ungeanza kulia au kugomba, salio lingeisha, na mimi nisingefika mwisho. Safari hii nataka nifike mwisho.

Kaka Martin amenunua pikipiki ya pili, sasa anajiita tajiri, lakini viatu ni vilevile. Bibi Mwanamisi mkunga bado yupo, na bado anasema uliazima sufuria yake ukaondoka nayo. Nilimwambia labda iko Urambo inapika ugali wa watu wa huko. Akasema basi irudi hata na masizi yake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Shangazi, Clemence amekwisha. Nimeandika hivyo kwa raha, sikufichi. Miguu imemvimba, anatembea kwa kushika ukuta. Mkewe alifariki mwaka juzi. Watoto wake watatu wako Dar es Salaam na hawajapanda huku tangu walipomzika mama yao. Paa la jiko limebonyea, na maji ya mvua yanapita nyuma ya nyumba yakila udongo wa msingi. Kila nilipokuwa nikienda shuleni nilipunguza mwendo ili niitazame ile nyumba vizuri. Nilikuwa nahesabu mabati yaliyong'oka.

Na kwa miaka kumi na mitatu sikuwahi kumpa shikamoo. Unajua huku kwetu maana yake nini mtu mzima kupitwa na binti wa jirani asiyemwamkia, tena mbele ya watu. Nilimfanyia hivyo kanisani, nikamfanyia dukani, nikamfanyia hata msibani. Yeye alikuwa anainamisha macho na kuendelea na safari yake, na mimi siku hiyo nilikula chakula kwa hamu.

Huhitaji kukumbushwa aliyotutenda, lakini acha niandike, maana hasira yangu huanzia hapo kila mara. Mwaka ule wa 2012 gari lilikuwa halifiki kitongojini. Mgonjwa alishushwa kwa machela mpaka barabarani, mwendo wa saa nzima, na kila nyumba ilitoa mwanamume wa kubeba. Kila Jumamosi wenye nyumba hizo hizo walikwenda wenyewe msaragambo, kuitengeneza njia pamoja. Aliyekosa msaragambo mara mbili bila ugonjwa wala msiba hakupewa machela mpaka ashike jembe amalize sehemu yake. Clemence ndiye aliyekuwa kiongozi, na machela ilikaa uvunguni mwa kitanda chake.

Baba alikosa Jumamosi mbili. Jumatatu iliyofuata akazidiwa. Mama alikuwa amerudi jana yake tu kutoka Malindi yetu ya huku Lushoto, alikokuwa akimuuguza bibi yetu kwa wiki tatu. Akakimbia na mvua mpaka kwa Clemence. Clemence akasimama mlangoni akamwambia, "Aliyeweza kupakia kabichi Jumamosi mbili hashindwi kushuka kwa miguu yake." Kisha akafunga mlango.

Tulimbeba Baba kwa blanketi na miti miwili, Martin, dada Secilia, Mama na mimi. Blanketi likachanika kwenye kona ya mtoni, na hapo hapo kaka yako akakata roho. Daktari alikuja kumwambia Mama kwamba ile ilikuwa ngiri iliyojinyonga, na kwamba wanaowahi hupasuliwa wakapona. Mama mpaka leo hanunui kabichi. Anasema Clemence alitutukana kwa sababu ya kilimo chetu.

Wewe siku ya mazishi ulisimama kaburini ukamlaani Clemence mbele ya kijiji kizima, kwamba aliyemnyima ndugu yako machela naye akose wa kumbeba. Yeye alikuwepo, amesimama nyuma na kofia mkononi, na hakujibu neno. Siku ya tatu ukapanda basi, na tangu hapo hujakanyaga huku. Nilikupenda sana siku ile. Nilijiambia kwamba wewe umetangulia kwa maneno, na mimi nitakuja kumaliza kwa vitendo.

Basi mwaka huu Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Amiri, alinipa kazi ya kuwafundisha Darasa la Sita kuitumikia jamii. Hakutaka ngonjera. Alisema watoto watoke, washike ndoo na majembe, wajue nani anaishi vipi. Nikawatuma wazunguke kitongoji kuuliza ni wazee gani hawana wa kuwachotea maji. Wakarudi na majina saba. La kwanza kabisa lilikuwa la Clemence. Aliyeliandika ni Husna, mtoto mmoja mwenye mwandiko ulionyooka na macho ya kukutazama mpaka ujikague, na mbele ya jina ameandika: hana mtu kabisa.

Nikachukua kalamu nyekundu nikalikata. Husna akauliza kwa adabu kama amekosea. Nikamwambia nyumba ni nyingi, tutahudumia sita. Akafikiri kidogo akasema, "Mwalimu, basi tumtoe Bibi Mwanamisi, yeye ana wajukuu." Nikawaambia wakachote maji ya kumwagilia bustani ya shule.

Jioni ile nilikuwa nachambua maharage, na wazo likanijia lote zima. Kumkata jina ni kumsaidia, Shangazi. Atakaa ndani na shida zake na hakuna atakayemuuliza kitu. Afadhali nimpelekee watoto. Wamchotee maji, wamtengenezee paa, wamchimbie mfereji, kila Jumatano, mpaka awe na deni la shukrani kwao asiloweza kulikana. Halafu niwatume na maswali.

Kesho yake nikalirudisha jina na kuliambia darasa kwamba huduma haikamiliki bila kujifunza. Kila kundi litamuuliza mzee wake maswali mawili na kuandika majibu yake neno kwa neno. La kwanza, umeitumikia jamii yetu kwa kazi gani. La pili, je, kuna mtu aliyekuhitaji ukamkatalia. Majibu yatasomwa siku ya wazazi, na wazee wenyewe watakaa mbele. Mwalimu Amiri alilisifu swali la pili. Alisema linafundisha ukweli. Mimi nikasema asante.

Niliyatoa maswali hayo kwa nyumba zote saba ili asiseme nimemlenga. Lakini nililitunga swali la pili kwa ajili ya mtu mmoja.

Shangazi, kama ungewaona wale watoto ungesahau ugomvi wako na dunia. Wiki ya kwanza walibeba maji wakamwaga nusu njiani. Wiki ya tatu walikuwa wamejipanga kwenye mteremko, ndoo inapita mkono kwa mkono. Walichimba mfereji nyuma ya nyumba ya Clemence, wakapanda majani ya tembo kwenye kingo ili udongo usishuke, kama tunavyofanya kwenye matuta. Paa la jiko walileta baba zao wawili likanyooshwa siku moja. Husna alikuwa anamkata kucha za miguu bila kukunja uso.

Nilikuwa naenda nao. Sikuwa na haja ya kwenda, ila nilitaka anione. Nilisimama uani mikono nyuma, nikahakikisha akiinua macho anakutana na yangu. Watoto walikuwa wakimwamkia, anaitikia marahaba mmoja mmoja, halafu ananitazama mimi, anangoja. Mimi nikawa naangalia mfereji. Siku moja akasema, "Mwalimu, watoto hawa umewafundisha vizuri." Nikamwambia wanafundishika.

Alitaka kuwakataza wiki ya nne. Alimwambia Husna kwamba wanajichosha, waende kwa wengine. Nilipoambiwa nilifurahi siku nzima. Nikawatuma wakaongeze kuni.

Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa ya tarehe 23 mwezi wa tano. Alhamisi yake Husna aliniletea daftari, akaniuliza kama sitaki kulipitia kwanza. Nilikataa. Nilitaka nilisikie jibu kwa mara ya kwanza pamoja na kijiji, nione uso wa Clemence wakati huo huo. Nikamwambia, "Soma kama alivyosema. Usipunguze neno." Husna akasema ndiyo, Mwalimu. Alionekana kama anataka kusema zaidi, lakini nilikuwa nimeshageuka.

Kijiji kilijaa. Wazee saba walikaa kwenye benchi mbele. Clemence walimshusha watoto wenyewe wamemshika huku na huku, na suti yake ya kanisani. Mama alikaa safu ya pili na dada Secilia, aliyepanda kutoka Soni kwa ajili hiyo tu, maana nilimwambia asikose. Nilikuwa nimesimama pembeni ya meza na ratiba mkononi, na moyo unanidunda kwa furaha kama wa bibi harusi.

Wakaanza wengine. Mtoto mmoja akasoma kwamba Bibi Mwanamisi amezalisha nusu ya waliokaa pale, na kwamba aliwahi kumkatalia mwanamke aliyemwita mchawi, akamwacha ateseke mpaka alfajiri ndipo akaenda. Watu wakacheka, naye Bibi Mwanamisi akasema mtoto aliyezaliwa alfajiri ile ndiye fundi cherehani wetu wa leo, na ndiyo maana hana subira. Mzee mwingine alikiri kwamba alimnyima jirani ngazi. Wakacheka tena. Nikaona vizuri sana, wamezoea kucheka, sasa watajua.

Husna akasimama. Nitakuandikia alivyosoma, maana nimeyashika yote.

"Mzee Clemence alituambia hivi. Nilitunza machela ya kitongoji miaka kumi na tisa. Tulishusha wagonjwa wengi na wajawazito wengi, mvua na jua. Nilimkatalia mtu mmoja. Huyo ni Rubeni, na alifariki. Alikuwa amekosa msaragambo Jumamosi mbili. Jumamosi zote mbili nilipita mwenyewe nyumbani kwake jioni kuuliza kama anaumwa, maana mgonjwa husamehewa. Binti yake akaniambia baba ni mzima, ameshuka Lukozi kupakia kabichi. Niliamini. Rubeni alipozidiwa nikafikiri ni ujanja wa mvivu. Jina la binti silitaji. Alikuwa msichana mdogo, nadhani alitumwa. Kosa ni langu."

Binti huyo ni mimi, Shangazi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Baba aliumwa ngiri na aliona aibu ambayo wewe dada yake unaijua kuliko mimi. Hakutaka mwanamume yeyote ajue kilichokuwa kinamteremka. Martin na Secilia aliwaambia ni tumbo tu, nao walishinda shambani. Mimi ndiye niliyemfunga khanga kiunoni, kwa hiyo mimi ndiye niliyejua. Akanituma: akija Clemence, sema nimeshuka Lukozi kupakia kabichi. Jumamosi ya pili Clemence aliniuliza mara mbili, "Mzima kabisa?" Nikasema mzima kabisa. Baba alikuwa nyuma ya mlango, amelala, ameng'ata pembe ya khanga asisikike.

Hilo lingesameheka, maana nilitumwa. Lisilosameheka ni lile la Jumatatu. Mama aliporudi na mvua akayasema yale maneno ya kabichi, Martin alitukana, Secilia akalia. Mimi peke yangu nilielewa Clemence alichokuwa anasema. Kutoka kwetu mpaka kwake ni dakika kumi kwa mbio. Ningefika, ningesema nilidanganya, machela ingetoka. Baba alinitazama akatikisa kichwa, nami nikamtii. Nikashika pembe ya blanketi kama wenzangu.

Kwa hiyo unaona nilikuwa na sababu ya kumchukia yule mzee kuliko mtu yeyote. Kila nilipomnyima shikamoo nilijisikia mwepesi kidogo. Nilimhitaji awe mbaya, na yeye hakunipinga hata mara moja. Ulipomlaani kaburini angeweza kunyoosha kidole kwangu, nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Hakunyoosha. Nimewaza hilo siku kumi sasa na badala ya kumshukuru nazidi kuwaka. Nani alimwomba anifichie? Ningemsamehe zamani kama angenitaja.

Husna alipomaliza hakuna aliyecheka. Kisha nikaona vichwa vinageuka, polepole, kumtazama Secilia. Mwaka ule Secilia naye alikuwa msichana bado, ndiye mkubwa wangu, na kila mtu anajua mdomo wake. Mama naye akageuka akamtazama. Secilia akawa anaangaza macho kwa watu, na mimi nilikuwa nimemwita mwenyewe kutoka Soni.

Nikasema, "Ni mimi." Nikasema yote niliyokuandikia hapa, mbele ya wazazi na Darasa la Sita, na Husna amesimama na daftari lake wazi.

Clemence akatikisa kichwa. "Nilisema silitaji jina."

"Hukuulizwa," nikamwambia. Ndiyo, hata wakati ule nilimjibu vibaya. Nikaendelea, kwa sababu sikuwa nimemaliza naye. Nikamwambia kwamba hata kama Baba angekuwa kweli Lukozi, amelala juu ya kabichi zake, alipaswa kumbeba. Mvivu naye hufa. Nikamwuliza mbele ya wote kama si kweli.

Akainua macho kunitazama. Kisha akasema, "Kweli. Nilipaswa kumbeba."

Neno hilo nimelisubiri miaka kumi na mitatu, Shangazi. Nililipanga nilivyotaka, mbele ya kijiji kizima, na amelisema. Na lilikuja dakika moja baada ya langu, sikupata hata nafasi ya kulionja.

Jumatano iliyofuata nilidhani watoto hawatakuja. Walikuja wote, na ndoo. Mmoja akaniuliza kama na mimi nitajibu maswali mawili niandikwe kwenye daftari. Husna akamwambia Mwalimu ameshajibu. Wakashuka kwa Clemence, na mimi nikaenda nao, nikabeba ndoo safari hii. Shikamoo sikumpa. Nimejaribu, haijatoka.

Sikuandikii ili umwondolee laana yake. Huo ni mzigo wako, na sehemu yake inamstahili. Nataka tu ujue kwamba ulipoisema mimi nilikuwa nimesimama pale, na ilitakiwa inipate na mimi. Ukiamua kunigawia, nitaipokea. Lakini usiendelee kukaa mbali na kaburi la kaka yako kwa sababu ya mtu mmoja, wakati tulikuwa wawili. Krismasi tutasafisha kaburi. Njoo, hata kama ni kwa ajili ya kunigombeza. Nitakupokea stendi ya Lushoto, Martin atatupandisha.

Kaka Martin anakusalimu, anasema ulete asali. Dada Secilia anakusalimu pia. Alinipiga kofi moja mbele ya Mwalimu Amiri, kisha akalala nami kitanda kimoja mpaka aliporudi Soni. Bibi Mwanamisi anauliza sufuria. Nisalimie Aron na mama yake, na jirani yako yule wa karanga.

Salamu za Mama safari hii sina. Ananipakulia chakula, anaweka mezani, anatoka nje. Hakunituma neno lolote kwako, na mimi kusema kwa niaba ya mtu nimeacha.

Mungu akutunze, akupe usingizi na miguu ya kufika.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako akupendaye,

Loveness Rubeni